Chakula cha Kubeba Hakimfikii Weita

Barua hii niliiandika mwaka 2021, kumbi za mikahawa zilipofungwa kwa sababu ya corona.

Wakenya wenzangu, hasa ninyi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru:

Tangu Rais Uhuru Kenyatta atangaze masharti mapya ya corona Ijumaa, Machi 26, 2021, hoteli na mikahawa katika kaunti zetu tano inauza chakula cha kubeba tu. Sina ugomvi na masharti hayo. Hospitali zimelemewa, na watu wakikaa kwenye ukumbi usiopitisha hewa, wakila na kupiga gumzo bila barakoa, corona haina kizuizi. Ninalotaka tuzungumze ni la mshahara.

Pita kwenye mkahawa wowote mjini saa saba mchana. Jikoni moto unawaka, kuku anakaangwa, na watu wa boda boda wanasubiri mlangoni wakiwa na masanduku ya kubebea chakula. Ukitazama juujuu utadhani biashara inaenda. Lakini viti vimepandishwa juu ya meza, na wale mawaita waliokuwa wakizunguka na trei wamebaki wawili: mmoja anapokea simu, mwingine anafunga vifurushi. Oda yako inamweka mpishi kazini. Weita haimfikii, kwa sababu riziki yake ilikuwa pale mezani, pamoja na bakshishi iliyomfikisha nyumbani na kumnunulia unga. Wengi wao ni vibarua wa kulipwa kwa siku. Hawakufutwa kazi, waliambiwa tu wasije kesho.

Kwa hiyo unapoagiza, uliza habari za yule aliyezoea kukuhudumia. Omba nambari yake, akikubali mtumie kwa M-Pesa kile ambacho ungemwachia mezani. Hamsini, mia, chochote. Mkiwa ofisi nzima mliokuwa mkila hapo kila Ijumaa, changeni. Sisi huchangia harusi za watu tusiowajua vizuri, sembuse mtu anayejua kwamba chai yako haitiwi sukari.

Na mwenye mkahawa je? Wapo wanaosema ana pesa, hasa akiwa na tawi la nembo kubwa ya kuku au piza. Mara nyingi mwenye tawi siye ile kampuni ya ng'ambo iliyo kwenye bango. Amekodi jina, na jina hilo hulilipia ada inayokatwa kwenye mauzo. Juu ya ada hiyo kuna kodi ya nafasi, iliyopigiwa hesabu ya ukumbi uliojaa. Tena ukiagiza kupitia programu ya simu, wenye programu nao hukata fungu lao katika kila mlo. Kama mkahawa uko karibu, piga simu moja kwa moja, lipia kwenye Till yao ya M-Pesa, kisha uende ukachukue mwenyewe.

Wenye majumba, pokeeni asilimia ya mauzo badala ya kodi kamili hadi kumbi zifunguliwe. Nafasi tupu haiwalipi hata senti.

Nanyi wenye mikahawa, mkiungwa mkono hivyo, gawanyeni zamu: afadhali mawaita sita wafanye siku mbili mbili kuliko wawili wafanye wiki nzima na wanne walale njaa. Msijifiche nyuma ya neno kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humhesabu aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mkataba. Na kifungu cha 40 kinadai notisi ya mwezi mmoja, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, ikiwa nafasi yake ya kazi imeondolewa. Weita anayenyimwa haya akawaone KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli.

Serikali nayo tuikumbushe. Mwaka 2020 iliwaondolea kodi ya mapato wanaopata hadi Sh24,000 kwa mwezi, na kushusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Nafuu ya VAT ilikoma Januari 1, 2021, maradhi yangali nasi. Mpigie mbunge wako, umuulize mbona kumbi zimefungwa tena lakini nafuu hiyo haijarudi.

Ramadhani inakaribia, na oda za futari zitakuwa nyingi. Kafyu katika kaunti zetu inaanza saa mbili usiku. Waislamu na wasio Waislamu, tuagize mapema, chakula kitoke jikoni kabla ya saa kumi na mbili, ili aliyekipika na aliyekileta wawahi kurudi nyumbani.