Chemba za Gerezani huzibwa jikoni

Pita vichochoro vya nyuma ya maduka ya Gerezani alfajiri, kabla wabeba mizigo hawajaanza kushusha marobota, na hutahitaji kuonyeshwa chemba iko wapi. Maji meusi yanabubujika pembeni ya mfuniko, yanatafuta mteremko, yanapita chini ya meza ya muuza ndizi na kudondokea mtaroni. Mwenye duka jirani ameshapanga matofali mawili na ubao ili wateja wavuke bila kulowa. Saa mbili mtaa umejaa, watu wanavuka ubao, wengine wanakula chapati palepale, hakuna anayeshtuka. Sisi tunashtuka, kwa sababu haya ni ya kiangazi. Masika yakifika, maji hayo hayatabaki kichochoroni.

Chemba ikifumuka, simu ya kwanza hupigwa DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, na lawama ya kwanza huenda huko huko. Mamlaka hiyo ina wajibu wake kwa wakazi wa Gerezani na Kariakoo, na tutaufikia. Lakini simama kando ya fundi anayezibua uangalie kinachotoka. Anasukuma fito ndani ya bomba, anazungusha, anavuta. Zinakuja pampasi zilizovimba kwa maji, taulo za kike, kipande cha khanga kilichokuwa tambara la kudekia, vifuko vya plastiki, magunzi, mifupa ya supu, hata kijiko cha mtu. Mwisho yanakuja yaliyovishikanisha vyote hivyo: mafuta yaliyoganda, ya kijivu, yanayokatika kwa sepetu kama mche wa sabuni.

Na kwa kiasi kikubwa ni sabuni kweli. Mafuta ya kupikia yakimwagwa sinkini yakiwa ya moto huteleza vizuri, na mwagaji huona ameyamaliza. Mita chache mbele hupoa, hushika ukuta wa bomba, na yakikutana na chokaa ya kwenye zege na maji hugeuka kitu kigumu ambacho maji ya moto hayakiyeyushi tena. Pampasi moja ikinasa hapo, inayofuata hainasi kwa bahati mbaya. Mwaka 2017 mafundi wa London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la aina hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na iliwachukua wiki kadhaa kulivunja. Jiji lile lina mitambo, kamera za kupita ndani ya mabomba na bajeti ambayo sisi hatuna. Likiziba kwetu, tuna fito, sepetu na kijana asiye na glavu.

Sasa tuangalie kinachomwagwa hapa. Gerezani na Kariakoo hupika mchana kutwa: mama lishe na masufuria ya wali na maharage, wauza supu tangu alfajiri, makarai ya chipsi hadi usiku wa manane. Mwaka 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Ni hatua njema kwa mifuko ya watu, nasi tuliipokea kwa furaha, ila hatukusikia mtu akiuliza mafuta ya karai la saa nane za usiku yatamwagwa wapi. Jibu analijua kila aliyewahi kufunga kibanda: kwenye chemba iliyo karibu, mfuniko unainuliwa kwa nondo, karai linapinduliwa, mfuniko unarudishwa. Wapangaji wa juu nao wanafanya yaleyale kwa kupitia sinki, tofauti ni kwamba hawaonekani.

Mtaa wenyewe pia umebadilika juu ya ardhi kuliko chini yake. Kiwanja kilichokuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ua mmoja na choo kimoja, leo kimebeba ghorofa la maduka chini, stoo katikati na familia juu. Vyoo vimeongezeka mara nyingi. Bomba la mtaani, katika sehemu nyingi, limebaki la enzi za zile nyumba za chini. Bomba la namna hiyo lingepata taabu hata kama lingepitisha kile tu lilichokusudiwa kupitisha, yaani maji, kinyesi na karatasi laini. Kulipa pampasi juu yake ni kulionea.

Lakini kosa kubwa kuliko yote, na ambalo halizungumzwi, ni kwamba wengi wetu tunadhani mtaro na bomba la majitaka ni kitu kimoja. Sivyo. Mtaro ni wa mvua. Hausafishwi popote, hauna bwawa wala mtambo mwishoni. Kilichoingia mtaroni Gerezani kinaishia kwenye mkondo wa Gerezani na bandarini, na kilichoingia upande wa Jangwani kinaishia Mto Msimbazi, kisha Bahari ya Hindi. Bomba la majitaka lina njia yake: katikati ya jiji limeunganishwa na mfumo wa zamani unaopeleka majitaka baharini, na maeneo mengine yana mabwawa ya kutibu majitaka kama ya Vingunguti na Kurasini. Mfumo huo una upungufu wake, na baharini si mahali pa kujivunia. Ila ni mfumo, na unadhoofishwa kila siku kwa kuchanganywa na mtaro.

Unachanganywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale mvua inaponyesha, uani kunajaa maji, na mtu mwenye nia ya kuokoa godoro lake anafungua chemba ili maji yashuke. Yanashuka kweli, pamoja na mchanga, majani na chupa za plastiki. Saa moja baadaye chemba ya jirani wa bondeni inatapika kinyesi sebuleni. Ya pili ni ya makusudi zaidi, na hiyo haina utetezi: mwenye nyumba ambaye shimo lake limejaa hataki kulipia gari la kunyonya, anasubiri mvua kubwa usiku, anatapisha choo mtaroni. Kila mtaa wa uswahilini unawajua wanaofanya hivyo. Wapangaji wanajua, mjumbe anajua, na wote wananyamaza kwa sababu kodi ya chumba iko mikononi mwa mtu huyo.

Anayedhani majitaka ya mtaroni ni kero ya pua tu, na afikirie bomba la maji safi linapopita. Mara nyingi limelazwa ardhini karibu kabisa na mtaro huo, lingine limekatiza ndani yake. Bomba likiwa na maji, presha husukuma nje kila penye ufa. Mgao ukifika na maji yakikatika, mambo hugeuka: bomba tupu hunyonya kilicho nje. Mwenye ghorofa aliyefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huongeza unyonyaji huo. Maji yakirudi, ya kwanza kutoka ni yale yaliyonyonywa, na ndiyo yanayokingwa kwa pupa kwenye madumu. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa karibu Tanzania Bara yote na kuvuka hadi Zanzibar. Hatukuhitaji daktari kutuambia kilipita wapi.

Tunatambua kwamba huwezi kumgombeza mama wa chumba kimoja asitupe pampasi chooni wakati gari la taka halina siku wala saa. Kiroba kikikaa mlangoni siku tano kwenye joto la Dar es Salaam, choo huwa ndilo pipa pekee linalojisafisha. Taka za jiji huenda dampo la Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya jiji, na kabla ya hapo zilihamishwa mahali hadi mahali. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, akiwemo Joseph Kessy, walilishtaki Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo lao, na Mahakama Kuu ilipokataa kuliongezea Jiji muda wa kumwaga taka pale, ilitaja haki ya kuishi iliyomo ndani ya Katiba. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema suala la taka ni la usafi tu.

Kampeni nazo tumezifanya. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, Rais Magufuli akazoa taka, nchi nzima ikafagia. Tulifurahi, na tungefurahi tena. Ila fagio hufagia kilicho juu ya ardhi, na kwa bahati mbaya mara nyingi hukifagilia mtaroni. Angalia hata sasa siku ya usafi: vijana wanachota tope la mtaro, wanalirundika ukingoni, viongozi wanapigwa picha, gari la kulizoa haliji. Mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Afadhali lisingechotwa, pesa ya vijana ingebaki.

Kilichofanikiwa zaidi ni marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019. Haikufaulu kwa sababu wananchi walihubiriwa vizuri. Ilifaulu kwa sababu sheria ilimbana mwenye kiwanda na mwenye duka, wachache wanaojulikana walipo, badala ya kumkimbiza kila mnunuzi wa nyanya. Mahali ilipolegea, kwenye vile vifuko vyepesi vya kufungia bidhaa, ndipo vifuko vilipojirudia, na ndivyo tunavyoviona leo kwenye fito ya fundi.

Basi tufuate njia hiyo. Abanwe mwenye jengo. Jengo lolote la Gerezani na Kariakoo lenye jiko la biashara liwe na mtego wa mafuta, ambao ni tangi dogo tu la kuyazuia mafuta yaelee yapate kukombwa kabla maji hayajaingia bombani, na usafishwe kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Asiye nao leseni ya jiko isihuishwe. Mwenye nyumba za kupangisha aweke pipa lenye mfuniko kila sakafu na awe na risiti ya gari la kunyonya kama hana bomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na ile ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 zipo, na Halmashauri ya Jiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kinachokosekana ni mtu wa kugonga mlango.

DAWASA nayo ina kazi ambayo mwananchi hawezi kuifanya: kuweka mifuniko ambayo haitaibwa na kuuzwa chuma chakavu, kusafisha mabomba makuu kiangazi badala ya kungoja yafumuke, na kusema hadharani mabomba ya mitaa hii yatapanuliwa lini ili yaendane na maghorofa yanayopewa vibali kila mwaka. Jiji litangaze siku na saa ya gari la taka kwa kila mtaa. Nyumbani kazi ni ndogo zaidi: sufuria ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, mafuta yaliyotumika yapoe na yatiwe kwenye dumu, pampasi ifungwe iende kwenye kiroba, na chemba isifunguliwe mvua inaponyesha hata kama godoro linaelea.

Kabla ya tone la kwanza la masika, bwana afya na mtendaji wa kata wazunguke Gerezani kiwanja kwa kiwanja, usiku ikibidi, kwa sababu watapishaji hawafanyi kazi mchana. Namba za viwanja vinavyomwaga choo mtaroni zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na faini yake iandikwe pembeni, wapangaji waione.