Matembezi na Watoto Kisangani: Usalama Usibaki Mgodini



Mtoto wa mchimbaji mara nyingi humjua baba kwa mgongo tu: mgongo unaotoka mlangoni alfajiri, na mgongo uliolala mchana baada ya zamu ya usiku. Likizo ikifika, baba anarudi Kisangani, na siku zake zinaishia kwa wageni na chupa. Anarudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na mtu mchovu ndiye anayepatwa na ajali. Ndiyo maana ukurasa huu unasema leo habari ya matembezi.

Wako watakaosema matembezi ni ya matajiri. Sivyo. Mji wetu ni shule isiyodai karo. Tokeni mapema, kabla jua halijawa kali, maana tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mama afunge lituma na samaki, na maji yaliyochemshwa. Tembeeni kwa miguu mpaka Kanisa Kuu la Notre-Dame du Rosaire, kando ya mto. Waonyesheni watoto Lubunga ng'ambo, ambako reli ya Ubundu inaanzia, nanyi waelezeni sababu yake: juu ya mji kuna maporomoko 7 ya Boyoma, na meli haziwezi kuyapanda.

Waambieni kwamba Stanley aliweka kituo hapa mwaka 1883. Kwamba Tippu Tip wa Zanzibar alifanywa liwali wa hapa mwaka 1887. Na kwamba Kiswahili kilifika huku pamoja na misafara ya watu wa pwani. Waambieni pia kwamba mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, na kwamba Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta humu kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa kwanza mwaka 1960. Hayo yote ni bure.

Siku nyingine nendeni kwa Wagenia. Watoto waone jinsi miti mikubwa inavyosimamishwa kati ya mawe, vikapu vikafungwa chini yake, na nguvu ya maji yenyewe ikaingiza samaki ndani. Mwenye kufunga matimba mgodini ataiheshimu kazi ile. Patana na wazee wa kijiji juu ya malipo kabla ya kuingia na kabla ya kupiga picha, msije mkagombana mbele ya watoto.

Sasa tuseme neno gumu. Mgodini hushuki bila kofia ngumu. Lakini mtu yule yule, akiwa likizoni, anawapakia watoto wanne katika mtumbwi uliojaa mpaka ukingo wake unalamba maji, na hakuna hata mmoja mwenye koti la kuokolea. Kwa nini? Kwa sababu shefu hayupo. Maoni yetu ni haya: sheria inayofuatwa mbele ya shefu peke yake si usalama, ni woga. Siku ya matembezi, shefu wa usalama ni wewe.

Basi shikeni haya:

Mtumbwi uliojaa, uacheni upite, subirini mwingine. Bila koti la kuokolea, bakieni ukingoni. Mto unaonekana vizuri kutoka huko.

Kwa Wagenia, mtoto asiende kucheza juu ya mawe yenye maji. Wavuvi wale wamefundishwa tangu utoto, wako hajafundishwa.

Msiwaache watoto kuoga katika vijito vya maji yanayokwenda polepole. Konokono wa humo hueneza kichocho. Aina moja ya kichocho cha tumbo ilielezwa na daktari Fisher mwaka 1934 kutoka Yakusu, hapa hapa jirani. Mtoto mwenye damu katika choo apelekwe kwa mganga wa zahanati, asinyweshwe dawa za kubahatisha.

Kwenye maporomoko ya Tshopo, waelezeni watoto jinsi maji yanavyotoa umeme, lakini kaeni mbali na mahali maji yanapoingia mitamboni. Msipige picha za daraja wala bwawa bila ruhusa.

Mwezi wa 6 mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 ndani ya mji huu, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu. Mtoto akiona chuma asichokijua ardhini, asikiguse, asikirushie jiwe. Aite mtu mzima.

Wahesabu watoto mkitoka, mkifika, na kabla ya kurudi, kama tunavyohesabiana mwisho wa zamu. Mkubwa amshike mdogo mkono. Rudini kabla ya jioni, wakati mbu wa malaria hawajaanza kazi yao.

Ndugu, franka utakazotumia hazifiki bei ya jioni moja ya kunywa. Mama naye atapata kupumzika, na watoto watakuwa na jambo la kusimulia shuleni. Ukirudi kazini umelala vizuri na moyo umetulia, mwenzako wa zamu naye atakuwa salama zaidi. Likizo ijayo, panga siku moja ya namna hii kabla hujapanga nyingine yoyote.