Mchoro si Bendera

Juzi nilikuwa kwenye duka la fremu, Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Baba mmoja alikuwa akimfafanulia mwanawe mchoro wa dhahania, rangi tupu zilizopishana, uliopewa jina la Mtu na Mazingira. "Kijani ni misitu, nyeusi ni watu, buluu ni maji, na ile njano ni madini yetu." Mtoto akasema, "Baba, mbona kama bonde la Jangwani mafuriko yakija?" Akaambiwa amekosea. Nilitoka pale nina hasira.

Yule baba alikuwa anasoma bendera ya taifa! Bendera ina maana hizo kwa sababu tulikubaliana hivyo mwaka 1964, tukazikariri shuleni. Mchoro haujakubaliana na mtu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya baiskeli, vitu alivyovimudu. Leo anatokea mjuaji anakwambia nyekundu ile ni damu ya mababu. Ni nyekundu ya baiskeli, jamani!

Gonjwa hili la kusaka ishara kila mahali tumelitoa darasani. "Taja ishara tano alizotumia mshairi." Mimi niliandika kwamba shairi limenitia huzuni, nikapewa sifuri. Mpaka leo inaniuma.

Watasema bila ishara mchoro ni rangi iliyomwagika, hata mtoto wa chekechea angeweza. Haya, mpeni brashi huyo wa chekechea, mtuletee alichochora tukitundike.

Anayetaka kuona mtu na mazingira wakikutana, apige hatua chache tu hadi soko lenyewe la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970. Paa ni miavuli mikubwa ya zege, imesimama kama miti ambayo wachuuzi wetu wamekaa chini yake tangu zamani. Hakuna jani lililochorwa. Miavuli inatoa kivuli na kukinga maji ya mvua. Mama muuza nazi hakuuliza inaashiria nini. Alipata ubaridi, akapanga nazi zake. Moto ulipoliunguza soko lile Julai 2021, niliona watu wazima wakilia barabarani.

Baba wa Mtaa wa Swahili, ukisoma haya, mrudishe mwanao pale dukani. Muulize ni wapi kwenye mchoro alipoyaona maji yakiingia Jangwani, kisha nyamaza umsikilize.