Mkono unaotetemeka Kabambare unahitaji kidonge, si kesi ya ulozi

Mzee akianza kutetemeka mkono huko Kabambare, kusini mwa Maniema, majirani huwa na maelezo tayari. Wengine husema ni uzee. Wengine hukumbuka malale, ugonjwa wa mbung'o ambao eneo hilo limeujua tangu enzi za Wabelgiji. Na wengine hunong'ona kwamba amerogwa au, vibaya zaidi, kwamba yeye mwenyewe ndiye mlozi. Jina la Parkinson ni nadra kutajwa.

Kukosea jina hilo kuna gharama. Ugonjwa huu hukaza misuli ya uso, hata mgonjwa anaonekana amenuna wakati moyoni anacheka. Macho hayapepesi sana, sauti inafifia. Kwa mjane mzee, uso wa namna hiyo unaweza kuwa hatari: mashariki mwa Congo akina mama wazee wamewahi kuchomwa moto kwa tuhuma za ulozi.

Asije mtu akasema huu ni ugonjwa wa Wazungu kwa sababu tu daktari wa London, James Parkinson, ndiye aliyeueleza mwaka 1817. Huko Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika miaka ya 2000 kati ya watu wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Na Hai iko jirani na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC mjini Moshi. Kabambare, ambako mvua ikinyesha hata pikipiki hukwama njiani, haiwezi kuwa na hali bora kuliko hiyo.

Kuutambua hakuhitaji mashine. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuona mwendo wa polepole, viungo vigumu, na mkono unaotetemeka ukiwa umetulia pajani lakini ukapungua unaposhika kikombe. Mara nyingi dalili huanzia upande mmoja. Aulize pia dawa ambazo mgonjwa anameza, kwa kuwa haloperidoli ya wagonjwa wa akili na metoklopramidi ya kuzuia kutapika huweza kuleta dalili hizohizo.

Dawa ipo. Levodopa ikichanganywa na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, ila humrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati, kula bila kumwaga, kufika shambani. Tatizo ni kwamba nguvu yake hudumu saa chache tu. Mgonjwa huimeza mara tatu kwa siku au zaidi, kwa miaka. Anayepata vidonge vya wiki mbili halafu akakaa mwezi mzima bila kitu hajatibiwa, na kuiacha ghafla kunaweza kumletea homa kali na kukakamaa hata kufa. Kwa hiyo sanduku moja linaloletwa na mgeni na kupigwa picha halisaidii.

Mlo nao una sehemu yake. Maharagwe, samaki na nyama huizuia dawa kuingia mwilini vizuri, hivyo kidonge humezwa kama nusu saa kabla ya kula. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na waganga wa kienyeji wanaweza kuvutiwa nazo, lakini kipimo chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu. Si jambo la kubahatisha jikoni.

Nyumbani, mzigo humwangukia mke, binti au mkwe. Choo kiko nje, usiku ni giza, na mgonjwa miguu inaganda mlangoni kana kwamba imegundishwa chini. Kumvuta kwa nguvu humwangusha. Kuchora mistari ardhini avuke mmoja mmoja, au kumwimbia wimbo wa kutembelea, mara nyingi humfungua. Familia ngapi zimeambiwa hilo?

Watakaosema barabara na vita haviruhusu wakumbuke vidonge vya kifua kikuu, vinavyopelekwa vijijini na kufuatiliwa kwa miezi sita. Tena Kasongo, jirani tu, ilijulikana duniani tangu miaka ya 1970 kwa mradi wake na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulioonyesha kwamba vituo vidogo vyenye wauguzi vinaweza kutibu watu vizuri. Idara ya afya ya jimbo huko Kindu ianze hapo: akiba ya levodopa ya miezi sita katika hospitali ya Kasongo, siku mbili za mafunzo kwa wauguzi wa Kabambare, na agizo kwa machifu kwamba mzee anayetetemeka asisikilizwe kesi ya ulozi kabla muuguzi hajampima.