Mmeila wapi hiyo cheri?

Nimechoka na cheri. Nimechoka pia na stroberi za porini, na ngozi ya tandiko la farasi, na hiyo wanayoiita "sakafu ya msitu". Miaka kadhaa sasa nahudhuria vikao vya kuonja mvinyo hapa Dar es Salaam, vingine vya kulipia, vingine vya marafiki tu, kila mtu na chupa yake. Mambo ni yale yale. Glasi inazungushwa, pua inaingizwa, halafu mtu aliyezaliwa Ifakara anatangaza kwa kujiamini kwamba anasikia cheri. Cheri gani, bwana? Ile ya juu ya keki, iliyolowekwa kwenye sukari na rangi? Muulize lini alikula cheri iliyotoka mtini. Anacheka. Sote tunacheka, tunamiminiwa chupa ya pili, na cheri inarudi.

Kama ingekuwa maringo tu ningenyamaza, maana maringo hayajaua mtu. Lakini juzi juzi nimesikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayeandika, tena anayeandika vizuri, kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mvinyo. Eti mwandishi anayetaka mhusika wake anywe chupa ya maana lazima ahamie Kiingereza kwa aya nzima, au aandike "alikunywa mvinyo mzuri" na kupita. Waliokuwepo, watu wa fasihi hao, wakatikisa vichwa kukubali. Mimi sikubali.

Hebu tuanze na ukakasi. Aliyewahi kuuma ndizi mbichi au bibo la korosho anaujua: ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi, mashavu yanavutana kwa ndani. Sasa fungua kitabu cha mvinyo cha Kiingereza, usome wanavyoeleza tanini kwa anayeanza. Wanazunguka weee! Si uchungu, wanasema, wala si uchachu, ni kinywa kukauka, ni kama chai iliyokaa mno na majani. Sisi tunalo neno moja, na mtoto wa darasa la pili analitumia. Tanini ni kitu kilichomo kwenye ganda na mbegu za zabibu; ukakasi ni kile inachokifanya inapokamatana na protini za mate. Lakini kwenye vikao vyetu sijawahi kumsikia mtu akisema mvinyo huu una ukakasi. Wanasema "una tannins", na wengine wakishindwa wanasema "mkavu", neno ambalo tayari lina kazi nyingine: kueleza mvinyo usio na sukari. Kwa hiyo wanachanganya vitu viwili tofauti, na lawama anatupiwa Kiswahili.

Halafu kuna ugwadu wa ukwaju, ambao si sawa na uchachu wa togwa iliyolala. Anayeviita vyote viwili "asidi" ameongea kisomi na kusema kidogo. Kuna uvundo, harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka, na hiyo ndiyo hasa harufu ya chupa iliyoharibiwa na kizibo. Kuna kikwapa. Msicheke, baadhi ya Sauvignon Blanc zina kikwapa, na wataalamu wenyewe wanakiri, ila wao wanatafuta maneno ya heshima zaidi. Na wazee wetu walishahakiki vinywaji kabla kizibo hakijafika pwani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: methali hiyo tunaifundisha shuleni kama somo la majivuno, tunasahau kwamba ili isemwe, alihitajika mtu aliyeonja na kugundua maji.

Kuna anayedhani nafanya uzalendo wa ulimi. Hapana. Eugenoli, ile kemikali inayoipa karafuu harufu yake, ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye mbao za mwaloni na kuingia katika mvinyo uliolazwa kwenye pipa. Mtu wa Pemba akisema anasikia karafuu hasemi kwa mfano, anataja kilichomo. Sauvignon Blanc ina kemikali zenye salfa ambazo zimo pia katika pasheni. Harufu ya majani mabichi inayotoka kwenye baadhi ya Cabernet imo ndani ya pilipili hoho, kemikali ile ile. Vitu hivi tumekua navyo. Viko kwenye vibaraza, masokoni, kwenye makabati ya mama zetu. Tunavipita, tunakwenda kutafuta tunda la nchi yenye theluji.

Na maneno ya kuazima hayaishii kuchekesha, yanadanganya pua. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe na ule ule mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ule wa rangi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalichagua msamiati, pua ikafuata. Kama hilo limewapata Bordeaux, sisi tunaosoma maelezo ya nyuma ya chupa kabla ya kumimina tuna hali gani?

Najua jibu linalokuja: biashara inahitaji lugha moja, mnunuzi wa Tokyo na wa Nairobi waelewane. Sawa. Lakini hiyo lugha moja imetoka wapi? Mwaka 1984 Ann Noble na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha gurudumu la harufu ambalo limekuwa kama msahafu wa waonjaji. Litazameni kwa makini. Limo asparagasi ya kopo, yamo maharage mabichi ya kopo, imo jamu ya stroberi. Ni rafu za duka la California! Wala simlaumu, alifanya jambo la busara kabisa, alichukua vitu ambavyo waonjaji wake wangeweza kuvinunua, kuvinusa na kukubaliana. Wafuasi wake huku kwetu wamebeba makopo, busara wakaiacha.

Ubaya wote huu unaonekana mezani. Mvinyo wa kunywa mtupu tunaweza kuusemea lolote, lakini ukiingia chakula, maneno mabaya yanaharibu mlo. Nilikaa na bwana mmoja wa vikao hivi, mwenye vyeti vyake, akaagiza mvinyo mwekundu mkavu na dagaa wa kukaanga kwa kuwa kadi ilisema mwekundu huo "unaendana na vyakula vyenye ladha kali". Akanywa, akakunja uso, akatafuta neno. Neno ni shombo. Mvinyo mwekundu na samaki huweza kuzua shombo ambayo haikuwamo kwenye samaki wala kwenye glasi, na mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kisababishi kikubwa ni madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo. Mvuvi wa Kunduchi asiyekunywa kabisa angemwambia pale pale kwamba hicho kinachomkera kina jina. Maneno haya ni ya jikoni na ya ufukweni, ni mali ya wanywao na wasiokunywa.

Au chukua utamu. Kwenye vikao ni aibu kupenda mvinyo mtamu. Eti ni wa wanaoanza, wa sherehe za uswahilini. Wanaosema hivyo wataisifu Sauternes ya Ufaransa, ambayo ni tamu kama asali, mpaka machozi yawatoke. Mimi nyumbani pilipili ikiwa nyingi kwenye kuku natoa mvinyo mweupe mtamu, wa baridi, usio na kilevi kingi, kwa sababu sukari hutuliza muwasho na kilevi huuchochea. Mishikaki yenye mafuta napeleka mwekundu wenye ukakasi. Mafuta na nyama vinaulainisha, na ukakasi unasafisha kinywa kwa tonge linalofuata. Changu wa ndimu, mweupe mkavu wenye ugwadu. Mlenda? Bado natafuta, na natafuta kwa furaha.

Wanaoumia kwa mchezo huu wako Dodoma. Mizabibu ya kule ililetwa na wamisionari miaka ya 1950, na leo inavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani. Iko aina nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la mahali pale pale. Wakulima wamelalamikia soko miaka nenda rudi. Sisi mjini tunaionja Makutupora tukitafuta cheri, hatuioni, tunaandika "mvinyo mwepesi, hauna tabia". Mimi kwenye chupa nilizofungua nimesikia zambarau zilizoiva kupita kiasi, pamoja na ule ukakasi wake unaobaki kwenye fizi, na nyuma yake udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza. Tabia ipo, tena kibao. Ila haitokei kwenye orodha ya California.

Kwa wenye mikahawa, kazi yenyewe si kubwa. Kwenye kadi, chini ya jina la chupa, andikeni: "Mwekundu, mkavu. Zambarau, udongo wa mvua, ukakasi wa wastani. Kwa mishikaki na mbuzi. Usinywe na dagaa." Mstari mmoja na nusu. Mhudumu ataweza kuueleza bila kukariri, na mpishi akiuona atajua aongeze ndimu au aiache.