Dola imeshuka, bei iko pale pale: tunadai maelezo

Wandugu raia, wamama wa soko, walimu, wamotari, wanafunzi,

Tangu mwezi wa tisa mwaka 2025, swali ni moja kila mahali: kama dola imeshuka, juu ya nini bei hazishuki? Dola moja ilikuwa inapita franga 2 800. Kwa wiki chache tu ikaanguka chini ya 2 500. Wakubwa wakafurahi kwa redio. Lakini mfuko wa unga, bidoni ya mafuta na pesa ya nyumba havikusogea. Mama mwenye kutumiwa dola 100 na mtoto wake alikuwa anapata franga 280 000 kwa mukambiste. Kwa kiwango cha 2 400 anapata 240 000. Zile 40 000 zimeenda wapi, wakati muuzaji hakumupunguzia hata franga 500?

Tuangalie nyuma kidogo, sababu hii hadithi haikuanza jana.

Mwaka 1967 Mobutu alileta zaire. Zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwezi wa kumi na mbili 1979, noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa ghafula, na kuzibadilisha kukawekewa mipaka. Wengi waliochunga feza yao nyumbani walibaki na makaratasi. Mwaka 1983, dola ilitoka karibu zaire 6 ikafika karibu 30. Serkali iliendelea kuchapisha noti ili ilipe matumizi yake. Mwisho wa 1992 ikatoa noti ya zaire milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi akasema noti ile haina nguvu ya sheria, wafanyabiashara wakaikataa, na mwezi wa kwanza 1993 askari waliolipwa nayo wakaasi Kinshasa. Damu ya watu ilimwangika juu ya noti.

Mwezi wa kumi 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai ikaikataa, ikaendelea na noti za zamani. Tarehe 30 mwezi wa sita 1998 ikazaliwa franga ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100 000. Pigeni hesabu: franga moja ilimeza zaire bilioni 300 za zamani.

Na hii franga yetu je? Ilipozaliwa, dola ilikuwa haifiki franga 2. Mwaka 2001, serkali ilipoacha soko lipange kiwango, dola ilikuwa imepita 300. Kwa miaka fulani ilitulia: mwaka 2014 ilikuwa karibu 920. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1 600, mwisho wa 2020 karibu 2 000, na 2024 ikafika 2 800.

Mwenye mushahara wa franga 200 000 usiobadilika, mwaka 2014 alikuwa na dola 217. Mwaka 2024 alikuwa na dola 71. Hakuna mwizi aliyevunja mulango wake. Kazi ni ile ile, karatasi ya mushahara ni ile ile, lakini sahani ya watoto imepungua mara tatu.

Ndiyo maana tunakataa watu waseme « taux imepanda » kama vile wanasema mvua imenyesha. Kiwango kina wenyewe. Kuna wanaochapisha noti, kuna wanaotumia kuliko bajeti, kuna waliotuachia nchi inayonunua inje hata kile inachoweza kulima.

Tena serkali yenyewe haiamini feza yake. Katiba, kifungo cha 170, inasema franga ndiyo feza ya taifa. Lakini ukienda kutafuta paspoti, wanakuhesabia dola. Mwalimu yeye analipwa franga. Serkali inapokea feza nguvu, inalipa feza zaifu, na raia ndiye anabeba tofauti.

Tunajua muuzaji mudogo aliyenunua bidhaa wakati dola iko 2 800 hawezi kuuza kwa hasara, na hatutakubali askari wasumbue wamama kwa meza zao. Maneno yetu ni kwa wakubwa wanaoingiza bidhaa. Dola ikipanda asubuhi, wanapandisha bei saa sita, hata kwa bidhaa iliyolala depo miezi mitatu. Ikishuka, wanatuambia « stoki ni ya zamani ». Stoki ya zamani iko na upande mumoja tu?

Kwa Goma na Bukavu muzigo ni mara mbili. Tangu M23 iingie mwanzo wa 2025, benki zilifunga milango. Feza inapitia kwa simu, na kuitoa ni kulipa tena. Noti ya dola yenye kupasuka kidogo inakataliwa. Kiwango kizuri cha Kinshasa hakimusaidii mutu asiyepata noti mukononi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kodi na malipo yote ya serkali yahesabiwe na kulipwa kwa franga, kuanzia paspoti.
2. Bei za duka, masomo na nyumba ziandikwe kwa franga, mahali raia anaziona.
3. Wanaoingiza bidhaa waonyeshe hesabu ya bei zao, na ukaguzi uanzie kwa depo kubwa.
4. Benki Kuu ielezee raia kila mwezi, kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, noti ngapi zimetoka na juu ya nini kiwango kimebadilika.
5. Mushahara wa mwalimu, muganga na askari ufuate bei za soko, usingoje mugomo.

Nanyi, wandugu, andikeni bei. Kila wiki, unga, mafuta, makala, pamoja na kiwango cha siku ile. Kartasi hizo ndizo tutaweka mbele ya wakubwa, ili wasituambie tena kwamba maisha yamekuwa rahisi.

Franga ni jasho letu. Tutauliza mpaka tujibiwe.