Chenin Blanc na samaki wa kupaka
Anayedhani mvinyo mzuri lazima uwe wa bei mbaya hajaonja Chenin Blanc ya Afrika Kusini kwa samaki wa kupaka. Juzi nilifungua chupa iliyopoa vizuri, jasho likitiririka shingoni mwake. Uchachu wake wa ndimu ukakata uzito wa tui, na ukwaju ukazidi kunoga. Asili ya zabibu ya Chenin Blanc ni bonde la Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo inayoilima kwa wingi kuliko nchi yoyote. Kwa mbuzi wa kuchoma nakushauri mvinyo mwekundu: Malbec ya Argentina, au Makutupora yetu ya Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ila pilipili ikizidi, weka kando mvinyo mwekundu mzito: kilevi huuchochea moto ulimini.